Barua ya wazi: Friza kwanza, skana baadaye, ili filamu za garimoshi zisiozee Mombasa

Kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa, idara inayoshughulikia utamaduni. Kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa Shirika la Reli la Kenya. Na kwa Idara ya Nyaraka za Kitaifa.

Waheshimiwa,

Meza zenu zina barua nyingi, kwa hiyo ombi letu tunalitanguliza. Tunaomba chumba kimoja kikavu hapa Mombasa, friza mbili na mtunzaji mmoja mwenye ajira ya kudumu, ili zihifadhiwe filamu za nyumbani zinazoonyesha injini za mvuke kwenye reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, kutoka Kilindini hadi bara. Skana ifuate. Maonyesho yawe ya mwisho. Mipango ya namna hii kwa kawaida huanza kinyume: hununuliwa mashine ya kuchukua picha, hualikwa wageni, hukatwa utepe, na mikanda yenyewe hurudishwa kabatini kwenye joto lilelile lililokuwa likiiua.

Mikanda tunayoizungumzia ni ya aina tatu, na yeyote atakayekaa mapokezi afaa kuitambua kwa macho. Ile pana, ya mm 16, ilianza kuuzwa mwaka 1923. Ya mm 8 ya kawaida ilitoka mwaka 1932, na Super 8 mwaka 1965. Hizi mbili za mwisho zina upana sawa, lakini matundu yao yanatofautiana: ya mm 8 ya kawaida ni makubwa na yamekaa kwenye mpaka kati ya picha na picha, ya Super 8 ni madogo na yamekaa katikati ya ubavu wa picha. Tofauti hiyo si ndogo. Mkanda wa aina moja ukilazimishwa kupita kwenye mashine ya aina nyingine, meno huchimba matundu mapya katikati ya picha.

Mkanda mdogo wa mm 8, wenye urefu wa futi 50, una picha 4,000. Kwa kasi ya picha 16 kwa sekunde, hizo ni dakika nne na ushei. Wa Super 8 wa urefu huohuo, kwa kasi ya picha 18, ni dakika tatu na sekunde 20. Ndani ya dakika hizo chache mna vitu ambavyo picha ya kusimama haiwezi kuvionyesha: jinsi injini ya daraja la 59 ilivyoviringika kwenye kona, jinsi gadi alivyotoa bendera, jinsi abiria wa daraja la tatu walivyopokezana mizigo dirishani. Injini hizo za Garratt, aina yenye boila katikati na seti mbili za magurudumu ya kuendeshea, zilikuwa 34. Zilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda kwa nguvu. Kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimeshaondolewa kazini. Namba 5918, Mount Gelai, bado inaonekana kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, lakini imesimama. Mwendo wa siku zake za kazi umebaki kwenye mikanda tu.

Sasa kuhusu ugonjwa. Plastiki ya mikanda hii ni asetati. Asetati ikipata joto na unyevu huvunjika na kutoa asidi ileile ya siki, na asidi hiyo ikishakuwapo huharakisha uvunjikaji zaidi. Ndiyo maana mkanda hukaa miaka mingi bila dalili, kisha ukaharibika wote kwa muda mfupi. Asetati mpya ikikaa katika nyuzi 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, huchukua kama miaka 40 kabla siki haijaanza kunuka. Mombasa hatuna nyuzi 21. Wastani wetu wa mwaka ni kati ya 26 na 28, na unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi kuliko unavyoshuka chini yake. Mkanda uliopigwa mwaka 1958 na kukaa juu ya kabati Ganjoni au Kizingo hadi leo umekwisha kula muda wake wote. Mikanda ya Super 8 yenye sauti, iliyoanza mwaka 1973, iko hatarini zaidi, kwa sababu ule utepe mwembamba wa sumaku, wenye chembe za oksidi ya chuma, uliobandikwa ubavuni kwa ajili ya sauti huchochea asidi. Nayo ndiyo iliyokuwa sokoni miaka ya mwisho ya mvuke.

Adui wa pili ni kuvu. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huota juu ya gelatini inayoshika picha. Huanza na alama nyeupe kama nyuzi za buibui pembeni mwa mkanda, kisha huingia ndani. Gelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka kwa maji. Kwa hiyo mtu mwenye nia njema akichukua kitambaa kibichi kuupangusa mkanda, picha hutoka yote na kubaki plastiki tupu. Tunasisitiza hili kwa kuwa ndilo kosa la kwanza la kila nyumba, na la baadhi ya wataalamu wa kujitangaza pia: maji yasiguse mkanda wenye kuvu. Mkanda ukaushwe kwanza, kuvu kikishalala kipanguswe kwa brashi laini mbele ya feni inayovuta hewa nje, fundi akiwa amevaa barakoa, kisha mabaki yatolewe kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa kidogo tu kwa dawa ya kusafishia filamu. Spiriti ya dukani isitumike, maana huwa imetiwa maji.

Kuna hofu nyingine inayofanya watu watupe mikanda, kwamba filamu za zamani huwaka moto zenyewe. Ile iwakayo ovyo ni ya nitrati, na hiyo ilikuwa hasa ya mm 35, ya majumba ya sinema. Filamu za nyumbani zilitengenezwa kwa asetati kwa sababu hiyohiyo ya usalama. Tangazo moja tu la kaunti redioni, likisema hivyo kwa Kiswahili cha kawaida, lingeokoa mikanda mingi kuliko semina kumi.

Mkanda ukifika mapokezini usiwekwe kwenye projekta hata kidogo. Plastiki iliyoanza kusinyaa haikai sawasawa kwenye meno, na taa ya projekta ina joto la kuichoma. Uwekwe mezani, ufunguliwe taratibu kwa mikono miwili ya kukunjia (vishikio vya kuzungushia filamu), fundi akiwa amevaa glavu za nitrili. Kwanza anuse. Kisha aingize karatasi ya kupimia asidi kwenye kopo na kulifunga kwa saa 24. Karatasi hiyo hutoka rangi ya bluu, ikapita kijani, ikaishia njano, na hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 3. Ikifika 1.5, uharibifu umeanza kujiendesha wenyewe. Mkanda huo utengwe na wenzake siku hiyohiyo, kwa kuwa mvuke wa asidi yake huambukiza jirani, na uwe wa kwanza kwenye foleni ya friza na ya skana.

Kisha apime kusinyaa. Hapa hakuna haja ya kifaa cha bei kubwa, rula ya chuma inatosha. Picha 100 za mm 16 zinapaswa kuwa na urefu wa mm 762. Picha 100 za mm 8 ya kawaida ni mm 381, na za Super 8 ni mm 423. Mkanda wa mm 16 ukipimwa na kupatikana mm 754, umesinyaa asilimia moja, na mashine yoyote inayovuta filamu kwa meno inaweza kuuchana. Utahitaji skana inayovuta kwa roli laini na kuyasoma matundu kwa mwanga. Tunalitaja hili mapema kwa ajili ya idara ya ununuzi. Zabuni ikiandikwa "mashine ya kubadilisha filamu kuwa dijitali" bila sharti hilo, itashinda mashine ya meno, kwa kuwa ndiyo rahisi, nayo mikanda yenye shida zaidi haitapita humo.

Kisanduku cha mkanda nacho kihifadhiwe. Vile visanduku vya njano vya Kodak vilirudi kwa posta kutoka maabara, na muhuri wa posta, mwandiko wa penseli, hata stempu, vyote ni ushahidi wa tarehe.

Tuje kwenye chumba chenyewe. Hakihitaji kuwa kikubwa. Kinahitaji kuta zisizovuja, kisiwe na dirisha la upande wa jua la jioni, kisipakane na choo wala bomba la maji, na kisiwe chini kabisa mahali mafuriko ya masika yanapofika. Ndani yake kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa vifanye kazi usiku na mchana, unyevu ubaki kati ya asilimia 35 na 45. Neno "usiku" ndilo linaloshinda ofisi nyingi. Kiyoyozi kikizimwa saa kumi na moja jioni wafanyakazi wakitoka, hewa ya bahari huingia, unyevu hupanda, na vitu vilivyokuwa baridi hutoa jasho. Kupanda na kushuka huko kila siku, na Jumapili nzima, hudhuru kuliko chumba kisicho na kiyoyozi lakini chenye hali isiyobadilika. Kama hakuna fungu la kulipia umeme wa usiku, afadhali chumba kisifunguliwe kwanza, friza zinunuliwe zitangulie.

Friza ya kawaida ya dukani, ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hufanya kazi ambayo majengo ya gharama hushindwa kuifanya: huusimamisha ugonjwa wa siki karibu kabisa. Sharti ni maandalizi. Mkanda ukitolewa nyumbani ukiwa na unyevu wa Mombasa na kufungwa kwenye plastiki papo hapo, maji hayo hufungiwa nao. Kwa hiyo ukae kwanza kwenye chumba kikavu, kopo likiwa wazi, wiki mbili hadi nne. Mkanda uliokunjwa kwa kubana hutoa unyevu polepole sana, msimwamini anayesema siku moja yatosha. Baada ya hapo utiwe kwenye mfuko mzito wa kufungika, pamoja na kipakiti cha silika iliyokaushwa na kadi ndogo inayobadilika rangi unyevu ukipanda. Mfuko huo uingizwe ndani ya mfuko wa pili, hewa isukumwe nje, na namba ya mkanda iandikwe kwenye mifuko yote miwili. Kadi ikae upande unaoonekana, ili ikaguliwe bila kufungua.

Kutoa pia kuna adabu yake. Mfuko ukitolewa kwenye friza usifunguliwe kabla ya saa 24, hadi ulingane na joto la chumba. Ukifunguliwa mapema, hewa yetu itamwaga matone juu ya filamu baridi, na yote yaliyotangulia yatakuwa bure. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na kufungwa huhimili siku nzima au zaidi, basi katazo la kufungua mlango libandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Friza mbili ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa compresa hufa, na hufa siku za sikukuu.

Hayo yakishatengemaa, hapo ndipo skana ina maana. Kiwango tunachopendekeza ni upana wa 2K (nukta kama 2,000) kwa mm 8 na Super 8, na 4K (kama 4,000) kwa mm 16. Picha ichukuliwe nzima pamoja na kingo na matundu, kwa sababu kwenye ukingo wa filamu za Kodak kuna alama ndogo za maumbo zinazotaja mwaka filamu ilipotengenezwa. Alama hizo hurudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo zilezile za 1942 ni za 1962. Lakini kilichomo kwenye picha hutatua. Ukiona Garratt ya daraja la 59, huo si mwaka 1942. Yale matao ya Pembe za Ndovu ya Mombasa yakionekana barabarani, ni 1952 au baadaye. Daraja la Nyali likiwa lile la kuelea, ni kabla ya 1980. Na filamu ikiwa Super 8, haiwezi kutangulia 1965, hata mwenye nyumba aape vipi.

Faili kuu lisibanwe kwa kupoteza picha. Mfululizo wa picha za DPX (faili moja kwa kila picha, lisilobanwa) za 2K, kwa mkanda mmoja mdogo wa mm 8, huchukua takribani GB 50. Ukibadilishwa kuwa video ya FFV1 ndani ya faili la MKV hupungua, pengine hadi nusu, bila kupoteza kitu. Mikanda 200 kwa kiasi hicho ni TB 5, na nakala tatu ni TB 15. Nakala moja ikae Mombasa, moja Nairobi, na moja kwenye kanda za LTO, zile za sumaku za kuhifadhia data. Diski za kawaida zikiachwa karibu na bahari bila kiyoyozi, chumvi hula viunganishi vyake. Kila faili lipewe namba ya uhakiki ya SHA-256 siku ya kuzaliwa, na namba hiyo ikaguliwe kila mwaka. Nakala ndogo ya MP4 ndiyo itakayozunguka kwenye simu za watu, na izunguke.

Kasi ni jambo ambalo tungeomba liandikwe kwenye mkataba wa fundi. Filamu iliyopigwa kwa picha 16 kwa sekunde ikichezwa kwa 25, kama video ya kawaida, garimoshi linakuwa mchezo wa watoto. Kuna njia ya kuhakiki. Gurudumu la kuendeshea la daraja la 59 lina kipenyo cha mm 1,372, yaani mzunguko mmoja ni mita 4.31. Fundi ahesabu picha ngapi zinapita tangu mkono wa gurudumu uwe chini hadi urudi chini. Zikiwa picha nane kwa kasi ya 16, mzunguko umechukua nusu sekunde, na treni inakwenda kilomita 31 kwa saa. Mkanda uleule kwa kasi ya 25 utaonyesha kilomita 48 na zaidi. Treni ya mizigo ya tani elfu moja kupandisha Mazeras kwa mwendo huo! Dereva yeyote mstaafu atacheka, na ana haki.

Kwa mantiki hiyohiyo, faili kuu lisipitishwe kwenye programu za akili mnemba za kunoa picha. Picha moja ya mm 8 ina upana wa chini ya mm 5, na namba ya injini ndani yake ni vitone vichache tu vya rangi. Programu haioni namba hapo, inabuni, na ikishabuni 5930 badala ya 5918 hakuna atakayejua. Wala msiongeze sauti za filimbi na moshi zilizochukuliwa kwenye injini za Ulaya. Filamu nyingi hizi ni bubu, zibaki bubu. Anayetaka sauti aweke sauti ya mzee anayeeleza.

Na hao wazee ndio haraka ya pili, mbali na siki. Madereva, mafayamani (wachochea moto wa injini), magadi na mafundi wa karakana waliofanya kazi na mvuke wamebaki wachache. Wao hawahitaji 4K. Nakala ya simu yatosha kuwauliza hapa ni stesheni gani, Mariakani au Maji ya Chumvi, lile behewa la nyuma ya injini lilikuwa la nini, na kwa nini moshi umegeuka mweusi ghafla kiasi hicho. Jibu la swali la mwisho tunalo, na linaonyesha aina ya maarifa yanayopotea. Injini zilizochoma mafuta mazito zilijaa masizi kwenye mabomba ya boila, hivyo fayamani alitupia mchanga tanurini ukavutwa na kuyakwangua, na masizi yote yakatoka kwa bomba la moshi kwa mara moja. Asiyejua hilo ataandika kwenye maelezo "injini mbovu".

Watu wa reli, wenzetu, watataka vipande vya treni vikatwe na kuunganishwa pamoja. Msikubali. Familia nyingi ziliunga mikanda midogo minane kuwa mmoja wa futi 400, na treni imekaa kati ya arusi na siku ya ufukweni. Arusi hiyo ndiyo inayotaja mwaka. Ila arusi ni ya wenyewe, na hapa sheria inaingia. Mwenye mkanda mkononi si lazima awe mwenye haki ya kuuonyesha. Fomu ya mapokezi itenge mambo matatu: mkanda wenyewe unabaki wa nani, nani anaruhusu nakala, na sehemu zipi hazionyeshwi hadharani. Fomu ya ukurasa mmoja, Kiswahili na Kiingereza, isainiwe mbele ya mwanafamilia mwingine. Familia ikitaka mkanda urudi nyumbani, urudi, pamoja na nakala yake bila malipo. Wengi wataurudisha wenyewe wakiambiwa kuhusu friza.

Sehemu nyingine ya picha zetu iko Uingereza. Bristol Archives ilipokea mwaka 2012 mkusanyiko uliokuwa wa makumbusho ya Dola ya Uingereza katika mji huo, na ndani yake mna filamu nyingi za watu binafsi waliokaa makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo. Barua rasmi kutoka kwenu, ikiomba orodha ya mikanda inayotaja Mombasa, Voi na reli, itajibiwa haraka kuliko barua ya wapenzi wa treni kama sisi.

Kuhusu nani afanye nini, tunapendekeza hivi. Makumbusho yatoe chumba na mtunzaji, kwa kuwa kazi ya kuhifadhi vitu vya kale tayari wanaifanya Fort Jesus. Kaunti ilipe umeme na friza, na iandike hivyo kwenye bajeti kama gharama ya kila mwaka, si kama mradi. Shirika la Reli litoe majina ya wastaafu walio tayari kuhojiwa, na vitabu vya zamani vya ratiba na injini vya kulinganishia. Idara ya Nyaraka ipokee nakala ya pili Nairobi. Skana inaweza kuazimwa au kukodiwa kwa miezi michache mikanda ikishapangwa, hakuna ulazima wa kuinunua.

Friza mbili, mifuko, silika, kadi za unyevu, karatasi za asidi, rula ya chuma, mikono ya kukunjia na meza nyeupe yenye taa: orodha yote inaingia kwenye pikapu moja. Tuko tayari kufundisha mtunzaji bila malipo, na tunaomba chumba kiwe kimekaguliwa na kukaushwa kabla masika hayajaingia.

Wenu,
Watunza filamu na wapenzi wa reli ya zamani,
Mombasa